Nyumba ya urithi Kinyerezi, dalali anataka advansi kabla ya Ijumaa, tusije tukapigwa

Nesi wa Usiku

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba mawazo yenu maana nimeshindwa kulala na kesho nina zamu. Mimi na mume wangu tumepanga Tabata huu mwaka wa tisa, watoto watatu, mwenye nyumba kila Januari anakuja na bei mpya. Sasa tumepata nyumba Kinyerezi, vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko la ndani, nje haijapigwa rangi ila ndani ina tailizi na umeme upo. Kiwanja dalali anasema ni ishirini kwa thelathini, fensi pande tatu, upande wa nne hamna sababu ndo panashuka bondeni kuna kijito. Bei milioni 62 na wanasema inapungua kidogo.

Anaeuza ni kijana wa kama miaka 35 hivi, nyumba ilikua ya baba yake amefariki 2019. Karatasi aliyotuonyesha ni mkataba wa mauziano wa serikali ya mtaa wa mwaka 2006 wenye jina la marehemu, basi. Hati hamna, anasema mtaa mzima hauna hati na watu wanaishi. Ana dada zake wawili, mmoja Arusha mwingine sikuelewa yuko wapi, na mama yao yuko Moshi. Anasema wote wamekubali, na huyo mama tuliongea nae kwa simu dakika mbili akasema sawa wanangu Mungu awabariki.

Mume wangu ameshaipenda mpaka ameanza kusema pale nitafuga kuku. Dalali anataka milioni 5 ya kuishikilia kabla ya Ijumaa sababu kuna mteja mwingine anatoka Mwanza ana keshi mkononi. Hela yetu ni mkopo wangu wa kazini, na ya kikoba, na shamba la mume wangu ameuza. Ikipotea hii hatunyanyuki tena. Tuangalie nini jamani?

Babu Seremala

Mteja wa Mwanza! Huyo mteja namjua toka 1998, kila nyumba Dar inayouzwa yeye yuko njiani anakuja na keshi. Dada lala salama, hajafika bado.

Chumvi ya Mbagala

Dada mi naomba nikusimulie yangu kwa kirefu maana inafanana na yako mpaka naogopa.

2014 nilinunua nyumba Mbagala milioni 18, muuzaji kaka mkubwa wa familia, baba marehemu, karatasi hiyo hiyo ya serikali ya mtaa. Nikasema mi mjanja bana, nikaita mjumbe akashuhudia, nikapiga picha tunapeana hela, majirani wawili wakasaini. Tukahamia. Mwezi wa nane tangu tuhamie, Jumapili mchana tunakula, anaingia mwanamke na begi na mtoto mgongoni, katoka Masasi, kakaa kwenye kochi langu, kanyamaza kidogo alafu akasema "karibuni nyumbani kwetu". Mke wangu akacheka akidhani ni utani. Alikua dada yao wa mwisho, hajaambiwa kitu, hajapewa hata mia.

Nilichokua sijui ni hiki. Mtu akifa nyumba yake haiwi ya mtoto mkubwa, wala ya yule aliyebaki anaishi pale. Mpaka ukoo ukae kikao, waandike muhtasari, wapeleke mahakamani ateuliwe msimamizi wa mirathi, na huyo msimamizi ndo mwenye mdomo wa kuuza. Yule kaka hakua msimamizi. Kwahiyo aliniuzia kitu ambacho hakua na uwezo wa kukiuza na zile sahihi zangu zote za mjumbe na majirani zilithibitisha tu kwamba nilimpa hela, hazikuthibitisha kwamba nyumba ni yangu. Nimekaa kwenye kesi miaka minne, nikatolewa, na hela nikarudishiwa milioni 7 kwa vipande vitatu, kile cha mwisho nililetewa laki nne na mbuzi. Sitanii.

Swali langu kwako: nani kateuliwa msimamizi? Hujasema. Hujamtaja kwa sababu na wao hawajamtaja.

Karani wa Wakili

Chumvi kamaliza karibu yote ila niongezee vitu vinavyotupita kila siku ofisini.

Mirathi nyingi za namna hii zinafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akiteuliwa anapewa fomu namba 4, hiyo ndo barua yake ya usimamizi, ina namba ya shauri na mhuri. Mwambie akuonyeshe halisi sio fotokopi, alafu nenda na ile namba ya shauri kwenye hiyo mahakama uulize masijala kama jalada lipo na jina ni lile. Usione aibu, watu wanaenda kuuliza kila siku. Fomu namba 4 za kutengenezwa mtaani zipo, zinapendeza kuliko za ukweli.

Pili, huyo mama. Dakika mbili za simu sio ridhaa. Kwanza unajuaje ni mama yake? Pili hata kama ni yeye, aliulizwa nini, alijibu nini? "Mungu awabariki" hata mimi nitasema nikipigiwa simu na mtu nisiyemjua. Mjane ana jasho lake kwenye ile nyumba, hana habari za kuombwa kama mgeni. Marehemu angekua hai angehitaji ridhaa ya mke kuuza nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema wazi, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo imelibeba hilo. Watu wanadhani mume akifa ndo mke katoka kwenye picha, kumbe bado yumo.

Kwahiyo unataka: msimamizi anasaini kama muuzaji, mama na watoto wote wanasaini kukubali, kila mmoja na kitambulisho cha NIDA na picha, mbele ya wakili. Wakili wako, sio wa dalali! Nasisitiza hapo sababu mara nyingi dalali anakuja na wakili wake mfukoni na mhuri uko kwenye begi la laptop.

Hela ipite benki, akaunti ya jina la msimamizi, kwa awamu, na mkataba useme kila awamu inalipwa kukitokea nini. Hiyo milioni 5 ya kuishikilia bila maandishi ni sadaka.

Kivule Original

Mnamtisha dada wa watu. Dar nzima watu wamenunua kwa mauziano ya serikali ya mtaa, mimi mwenyewe Kivule 2009 sina hati wala sina habari nayo, nimejenga, nimesomesha, hamna aliyenigongea mlango. Mkisubiri kila karatasi mtazeekea kwenye nyumba za kupanga. Muhimu jua jirani zako na mwenyekiti wa mtaa, lipa ile asilimia yao, basi.

Karani wa Wakili

Kivule Original wewe ulinunua kwa mtu aliye hai na kiwanja chake mwenyewe, nina uhakika. Hatujasema mauziano ni takataka. Mauziano ya mtaa ni ushahidi kwamba fulani alimuuzia fulani, yana uzito wake. Tatizo lake ni kwamba yanakuambia habari za 2006 tu, hayakuambii nini kimetokea kati ya 2006 na leo. Na hiyo "asilimia yao" kabla hujatoa omba risiti ya halmashauri uone sura zinavyobadilika.

Mpima kwa Hatua

Nafanya kazi na wapima ardhi, mi nimekwama kwenye sentensi moja tu ya dada: "upande wa nne panashuka bondeni kuna kijito". Hapo watu wote mmeruka mmeenda kwenye mirathi.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sasa chukua kiwanja chako cha ishirini kwa thelathini. Kama ile thelathini ndo urefu wa kushuka bondeni na mwisho wake ni kijito, basi hata ukisimama getini upande wa barabara bado uko ndani ya 60. Nyumba nzima. Kuku wa shemeji pia wako ndani ya 60. Inategemea kama hicho kijito kinahesabika mto au ni mfereji tu wa maji ya mvua, hilo afisa mazingira na mipango miji ndo wanajua, lakini mabonde ya Kinyerezi mengi yanamwaga mto Msimbazi na Msimbazi mnajua habari yake. Desemba 2015 mpaka Januari 2016 watu wa bonde la Mkwajuni na Jangwani walibomolewa, wengine walikua na umeme, na maji, na stakabadhi za kodi ya jengo. Kulipia umeme hakukufanyi uwe halali, watu wanachanganya sana hapa.

Fanya hivi, haina gharama kubwa. Tafuta mpima achukue alama za GPS za zile kona nne, nenda nazo ofisi ya mipango miji ya Jiji (Kinyerezi ni Jiji la Dar es Salaam, ile iliyokua Manispaa ya Ilala kabla ya 2021), waombe wakuangalizie zinaangukia wapi kwenye ramani. Unaweza kukuta pamepangwa makazi, unaweza kukuta eneo la wazi, shule, njia ya maji. Uliza pia kama urasimishaji, ule mpango wa kupima na kutambua viwanja vya mitaa iliyojengwa bila kupimwa, umeshapita mtaa ule na kama hicho kiwanja kilipewa namba, sababu wengine wanasema "mtaa mzima hauna hati" kumbe majirani wanazo na yeye peke yake alirukwa, na ukiuliza kwanini alirukwa utapata jibu lako.

Kama kingekua na hati ningekuambia kitu cha kwanza ni upekuzi kwa Msajili wa Hati, watu wanaita sachi, unaona jina, unaona kama kuna benki imeshika, kuna zuio la mahakama au la. Kwa kisicho na hati sachi yako ni miguu. Jirani wa kushoto, jirani wa kulia, mama wa genge, fundi baiskeli. Nenda bila dalali.

Na wengine mnaosoma hapa mnaonunua pembeni ya lami, barabara kuu hifadhi yake kwa Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na sehemu zingine ni zaidi, waulizeni wa Kimara mpaka Kiluvya walivyobomolewa 2017.

Fundi Tofali

Mimi sijui sheria, mi najua ukuta. Dada hiyo nyumba haijapigwa rangi nje ila ndani ina tailizi, kwanini? Nenda kaangalie ukuta wa chini usawa wa goti upande wa bondeni kama plasta inamumunyuka na kuna unga mweupe, hiyo ni chumvi na maji yanapanda, na tailizi za ukutani wakati mwingine ndo zimewekwa kuficha hiyo. Gonga tailizi za chini na sarafu, ikilia debe tupu ujue chini yake pana uwazi, haikushika vizuri au udongo umeondoka. Nyufa ndogo za nywele sio shida, ufa unaotoka kona ya dirisha unashuka kwa ngazi ngazi kufuata tofali huo ni msingi unatembea, na nyumba ya mteremko ikianza kutembea haisimami kwa kuombewa.

Panda darini. Watu hawapandi darini!! Kachungulie mbao kama zina mchwa, na bati kama linaona jua. Uliza shimo la choo liko wapi na linanyonywa na gari gani, kama gari haliwezi kufika hapo basi unajua kijito kinatumika kwa nini.

Alafu nenda mvua ikinyesha. Kiangazi nyumba zote nzuri.

LUKU pia nunua umeme wa elfu mbili hapo hapo mbele yao uone unapata yuniti ngapi, kama mita ina deni, hata la kodi ya jengo, itakata mbele ya macho yako. Maji omba bili ya mwisho.

Nesi wa Usiku

Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili mbili, nimemsomea na mume wangu kanuna kidogo kwenye kuku.

Jana nimetoka zamu saa mbili asubuhi nikapitiliza Kinyerezi sijamwambia dalali. Kuna mama anauza vitumbua karibu na kona nikanunua vya elfu mbili nikakaa. Nikamwambia nataka kuhamia huku. Akaniuliza nyumba ipi nikamwonyesha kwa mdomo. Akasema "ah, kwa mama Eli, kumbe wanaiuza?" Anaishi pale toka 2008 na hajui inauzwa. Akasema masika iliyopita maji yalifika kwenye ngazi ya jikoni ila hayakuingia ndani. Alafu akasema mama Eli ndo alijenga ile nyumba kwa biashara ya mbege na nguo za mtumba, mzee alikua dereva wa safari anarudi mara moja kwa mwezi.

Nimepima kwa hatua kutoka ukuta wa nyuma mpaka kwenye maji. Hatua ishirini na mbili.

Mpima kwa Hatua

Ishirini na mbili 😳

Majuto ya Dodoma

Ngoja niongee upande wa anaeuza maana hapa wote mnadhani muuzaji ndo tapeli siku zote. Mimi niliuza nyumba Dodoma 2021, nikajiharibia mwenyewe.

Nilitoa fotokopi ya hati kwa madalali wanne. Wiki ya pili nyumba yangu ya milioni 85 inatangazwa mitandaoni 85, 95, 110 na nyingine 70, wateja wananipigia wananitukana kwamba mimi kigeugeu. Dalali mmoja, maandishi, asilimia yake inajulikana, basi.

Mnunuzi akanipa nusu akaomba funguo "tupige rangi tu". Wakapiga rangi, wakaweka pazia, wakahamia. Nusu ya pili nimeisotea miezi kumi na moja. Ukitaka kumfukuza anakuambia na mimi nina mkataba. Funguo na shilingi ya mwisho zipishane mlangoni, hilo nitawaambia wajukuu.

Siku moja akanitumia picha ya risiti ya benki, mi nikaandika kwenye daftari nimepokea. Hela haikuingia. Salio uangalie kwenye akaunti yako wewe, sio kwenye simu ya mwenzio.

Na kodi. Nilisahau kabisa kwamba faida ya kuuza nyumba ina kodi, asilimia 10 ya faida kwa sisi wakazi, na kama huna stakabadhi za ulivyojenga utajua hujui, mi risiti za saruji na nondo nilizitupa toka 2012. Mnunuzi nae akaja na wazo kwamba tuandike kwenye mkataba bei ya chini tupunguze kodi. Nashukuru sikukubali, sababu mthamini anakuja na thamani yake anaipita ile bei yenu ya uongo, na hata ingepita, mnunuzi ndo angeumia siku anauza yeye, faida yake ingeonekana kubwa kuliko ilivyo. Au dili likivunjika anadai hela zake anarudishiwa kile kilichoandikwa.

Karani wa Wakili

Hapo kwenye kodi watu wanakosana mpaka ngumi. Ni ya muuzaji kisheria lakini bila cheti cha mamlaka ya kodi uhamisho hausajiliwi, kwahiyo anaekwama ni mnunuzi ambae ameshatoa hela yote. Kwenye nyumba yenye hati mnajaza fomu za ardhi za uhamisho namba 29, 30 na 35, kuna uthamini, ushuru wa stempu asilimia 1, ada ya usajili. Andikeni kwenye mkataba nani analipa kipi na wekeni kiasi pembeni mpaka uhamisho uishe. Kama kuna deni la kodi ya ardhi la miaka ya nyuma nalo lilipwe kabla.

Dada nasubiri habari ya fomu namba 4.

Nesi wa Usiku

Habari ya fomu ni kwamba haipo. Nilimuuliza kijana akasema "mirathi tuliimaliza kifamilia". Mume wangu nae, namsifu hapa, akamwambia basi tupe namba ya mama tuongee nae vizuri, sio ya siku ile. Kijana akazunguka zunguka, mwishoni namba tukaipata kwa mama wa vitumbua.

Mama Eli sio yule tulieongea nae. Sauti nyingine kabisa, huyu ni mtu mzima, anaongea pole pole, nilivyomwambia shikamoo mama akauliza wewe mtoto wa nani. Nikamwambia ukweli wote. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Akauliza bei. Nikasema 62. Akasema "mwanangu aliniambia anataka kuipangisha". Akauliza tena kama mwembe wa nyuma bado upo. Nikamwambia upo, na umezaa.

Akasema tusimpe mtu hata shilingi, anapanda basi Jumamosi anakuja na binti yake wa Arusha, wakae wenyewe kwanza. Kama wataamua kuuza atanipigia yeye. Amesema pia pale bondeni alishaambiwa na watu wa mtaa zamani asijenge kuelekea chini ndo maana fensi haikufika.

Mimi na mume wangu tumekubaliana hata akituuzia kwa nusu bei hatuinunui na zile hatua 22. Ila Jumamosi nitaenda kumpokea stendi Magufuli, nimejikuta tu nimeahidi.

Leo Ijumaa saa kumi na moja jioni dalali kanitumia meseji: "dada mteja wa Mwanza kapata dharura nakupa mpaka Jumatatu".

Babu Seremala

Kapata dharura Shinyanga, basi limeharibika. Mwambie dalali namsalimia.

Chumvi ya Mbagala

Mpelekee mama maembe.